Barua Imtangulie Mtoto



Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamhesabu kuwa mtoto kila asiyetimiza miaka 18, nayo imemwekea mahakama yake. Lakini mtoto wa Manyoni akishtakiwa Dar es Salaam, hakimu wa huko atawajuaje jamaa zake? Humtegemea afisa ustawi wa jamii amletee habari za nyumbani. Na habari hizo ziko huku Singida, mezani petu. Tukichelewa, mtoto aweza kupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, hali shangazi yake yu tayari kumlea. Basi ndugu zangu, faili lisilale. Barua ikijibiwa leo yaweza kumrudisha mtoto kwao. Ikijibiwa mwezi ujao, itakuta amri imekwisha kutolewa.