Kitabu Kimeazimwa, Wala Hakuna Aliyekibeba



Msimu wa vyuo kufunguliwa una hotuba zake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukusanywa ukumbini, huonyeshwa mshauri wa wanafunzi, hukumbushwa habari za ada na mitihani, kisha husimama mkutubi na kuwaambia kwamba maktaba yao ina maelfu ya vitabu vya kielektroniki, na kwamba kila mmoja wao anaweza kuvisoma akiwa popote, saa yoyote. Makofi hupigwa. Leo nataka tuyatazame hayo maneno mawili, "popote" na "saa yoyote", maana wanafunzi wengi hugundua baadaye, mitihani ikiwa imekaribia, kwamba yana masharti marefu kuliko mkataba wa kupanga fremu ya duka Kariakoo.

Tuanze na kitabu tunachokijua sote. Chuo kikinunua kitabu cha karatasi, kimekinunua. Mkutubi hukipiga muhuri, hukipa namba, hukipanga rafuni, na tangu siku hiyo mchapishaji hana neno nacho tena. Kinaweza kuazimwa mara 1,000, kikachanika mgongo, kikashonwa, kikaendelea kusomwa na watoto wa wale waliokisoma kwanza. Kitabu cha kielektroniki hakiuzwi hivyo. Mara nyingi kinachouzwa ni ruhusa ya kukisoma, na ruhusa hiyo ina madaraja. Iko ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Iko ya watatu. Iko ya wasomaji wasio na idadi, na hiyo bei yake hupaa. Tena iko ya kulipia mkusanyo mzima mwaka kwa mwaka, ambayo haina tofauti na king'amuzi cha televisheni: ukiacha kulipa, picha hukatika, hata kama umelipa miaka kumi mfululizo.

Basi tuchukue darasa la wanafunzi 90 na kitabu kimoja chenye ruhusa ya msomaji mmoja. Mwanafunzi wa kwanza anakifungua saa mbili usiku. Wenzake 89 wanaambiwa na kompyuta kwamba kitabu kimeazimwa, wasubiri. Kimeazimwa vipi, na hakuna aliyekibeba? Faili halikwenda kokote. Lingeweza kunakiliwa kwa wote 90 kabla hujamaliza kupiga chafya. Kilichokwisha ni hesabu iliyoandikwa katika mkataba. Ile dhiki ya karatasi, ya kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwa mikononi mwa watu wawili, imechukuliwa kwa makusudi ikapandikizwa ndani ya kitu ambacho kwa maumbile yake hakina dhiki hiyo.

Ninaye mpwa wangu wa kike anayesoma katika chuo kimoja, jina lake tuliache. Likizo iliyopita alinijia akasema, "Mjomba, kitabu kipo ila hakipo." Nikamwambia anionyeshe. Akaingia kwenye ukurasa wa maktaba ya chuo kwa simu yake, akaandika namba yake ya usajili na neno la siri, na kweli kitabu kikatokea, jalada lake lote na rangi zake. Lakini kukisoma ni kukifungua ukurasa mmoja mmoja kupitia mtandao, na kila ukurasa unakula bando. Mtandao wa pale nyumbani ukiyumba, ukurasa unazunguka tu kama mtu aliyepotea stendi. Chini yake paliandikwa "pakua". Akabonyeza. Akaambiwa kwanza aweke programu maalumu ya kusomea, kisha ajisajili kwa kampuni ya Marekani, kisha akajulishwa kwamba akishakipakua atakaa nacho siku saba tu. Bando lake la siku lilikwisha hapo kwenye kuweka programu, kabla ya kusoma hata dibaji.

Sasa hapa pana jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi siku ile ya makofi, nalo ni kwamba kupakua kuko kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kupakua sura, au kurasa kadhaa, kama faili la kawaida la PDF. Faili hilo ni lako kwa masomo yako. Utalisoma bila mtandao, utalichapisha karatasini, wala halitakufa. Baadhi ya wachapishaji wa kitaaluma huruhusu hata kitabu kizima kichukuliwe hivyo, sura baada ya sura. Namna ya pili ni kupakua kitabu kizima chenye kufuli. Hicho hufunguka ndani ya programu inayotambua kufuli hilo, na iliyozoeleka ni Adobe Digital Editions. Siku zikitimia faili hubaki kwenye mashine yako, ila halifunguki. Umelala na kitabu, umeamka na gogo.

Kwa mwanafunzi wa Ulaya mwenye mtandao usiokatika nyumbani, tofauti hii ni ya starehe. Kwa wetu ni ya kupata masomo au kuyakosa. Waifai ya chuoni ni ya bure, au tuseme imeshalipiwa ndani ya ada. Bando la simu linatoka kwenye hela ya kula. Kwa hiyo mwenye akili hupakua akiwa chuoni na kusoma akiwa nyumbani. Anayebanwa na mkataba wa kusoma mtandaoni pekee analipishwa mara ya pili kwa kitabu ambacho chuo chake kimeshakilipia. Na katika hotuba zote za ukumbini sijasikia mkuu wa chuo akilitaja hilo.

Ipo pia habari ya mlango. Mtu anayeandika jina la kitabu kwenye Google na kubonyeza jibu la kwanza hufika kwa mchapishaji kama mgeni wa barabarani, naye huombwa dola, pengine 30 kwa sura moja tu. Kitabu kile kile, akikipitia ukurasa wa maktaba ya chuo, hufunguka bila senti. Kompyuta ya mchapishaji hutambua anwani ya mtandao wa chuo, na kwa aliye nje ya chuo, maktaba huwa na kompyuta ya katikati inayomdhamini. Baadhi ya vyuo vyetu havijaweka mdhamini huyo, au vimemweka na hakuna anayemwangalia. Hapo "popote" maana yake inakuwa ndani ya uzio wa chuo.

Msidhani dhiki hii ni ya kwetu peke yetu. Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins ilitangaza kwamba kila kitabu chake cha kielektroniki katika maktaba kingekoma baada ya kuazimwa mara 26, maktaba inunue tena. Mwaka 2022 mwezi Agosti mwishoni, vyuo vya Marekani vikiwa vinafunguliwa, mchapishaji Wiley aliondoa vitabu vyake zaidi ya 1,300 kutoka kwenye mkusanyo mkubwa wa ProQuest ambao vyuo vingi huulipia. Walimu walikuwa wameshawaandikia wanafunzi orodha za vitabu vya kusoma, na orodha zikabaki zinaelekeza hewani. Wakutubi walipiga kelele, na mwezi Oktoba vitabu vikarudishwa kwa muda. Kisha mwaka 2025 mwezi Februari, Clarivate, wenye ProQuest, walitangaza kwamba wangeacha kuuza vitabu kwa malipo ya mara moja. Kelele zikapigwa tena, wakasogeza tarehe hadi Juni 2026. Mwelekeo lakini umeonekana: mwenye duka hataki tena kuuza, anataka kupangisha.

Nisiwe mwonevu. Mchapishaji ana hoja yake, na mwandishi ana hoja kubwa zaidi. Sisi wenyewe tunajua yanayowapata waandishi wa Kiswahili: mtu anatoa kitabu leo, kesho kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, keshokutwa kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na mwandishi hajapata hata nauli ya daladala. Steshenari zilizopanga mstari nje ya vyuo zimeishi miaka mingi kwa kutoa kopi za vitabu vizima. Sitawatetea. Ila mwizi wa njaa hutofautiana na mwizi wa tamaa, na mwanafunzi aliyeambiwa mara nne usiku mmoja kwamba kitabu kimeazimwa atakitafuta kwenye uchochoro. Kufuli zito halijamzuia mwizi hata mara moja. Limemchosha yule aliyepiga hodi.

Yapo ya halali ambayo hayatumiki vya kutosha. Mpango wa Research4Life ulianza mwaka 2002 kwa mlango wake wa kwanza, Hinari, chini ya Shirika la Afya Duniani, ukafuatiwa na mlango wa kilimo, wa mazingira, wa teknolojia na wa sheria. Taasisi za nchi zenye uchumi mdogo, Tanzania ikiwemo, huingia bila kulipa, wakasoma majarida na vitabu ambavyo wenzao wa Marekani wanavilipia fedha nyingi. Kinachotakiwa ni chuo kujisajili na mkutubi kuwagawia watu neno la siri. Wako pia OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, ambao tangu 2012 wanatoa vitabu vya kiada vya fizikia, biolojia, uchumi na takwimu, kupakua bure, bila kufuli, bila siku saba. Mhadhiri akiamua kufundishia kitabu kimoja cha namna hiyo, wanafunzi wote 90 wamekipata siku ya kwanza. Uamuzi huo hauhitaji bajeti, unahitaji mhadhiri akubali kubadilisha notisi alizozizoea.

Kwa Kiswahili hali ni mbaya. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili akiingia katika mikusanyo hiyo mikubwa inayolipiwa kwa dola, atakuta mlima wa Kiingereza na vichuguu vichache vya lugha yake. Riwaya anayoitafuta iko kwenye karatasi, nakala tatu, mbili zimepotea. Vyuo vyetu hununua kwa pamoja kupitia umoja wa maktaba, COTUL kwa Tanzania na KLISC kwa Kenya, na umoja huo una sauti mbele ya wachapishaji wa nje. Ningefurahi kusikia sauti hiyo ikielekezwa pia kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi, wakae meza moja, wapatane bei ambayo mwandishi atakula na mwanafunzi atasoma.

Wasioona nao wasisahauliwe. Baadhi ya makufuli humzuia msomaji kutumia programu inayosoma maandishi kwa sauti. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliwekwa kwa ajili yao, na Kenya na Tanzania zote zimo. Lakini mkataba wa kimataifa haufungui faili, hufunguliwa na mtu ofisini.

La mwisho ni la waliokwisha kuhitimu, maana barua zao ninazipata. Mwalimu yuko Nachingwea, muuguzi yuko Kigoma. Neno lake la siri lilikufa wiki ile aliyovaa joho. Wengi hawajui kwamba mikataba mingi ya vitabu vya kielektroniki ina kifungu kinachomruhusu mtu yeyote aliyeingia maktaba kwa miguu yake, hata asiye mwanachuo, kuketi mbele ya kompyuta ya humo na kusoma. Baadhi ya maktaba zinakitumia kifungu hicho. Nyingine mlinzi wa getini hajaambiwa, naye hukurudisha kwa kukosa kitambulisho. Ukirudishwa, omba kumwona mkutubi mwenyewe, umuulize kwa upole mkataba unasemaje juu ya mgeni anayeingia kusoma. Nendeni na flashi, na mwulize pia ni kurasa ngapi mnaruhusiwa kuchukua.