Gharama ya Nyumba, Mlimani na Mjini

(Maneno ya mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Msangeni)



Nimeombwa niseme machache juu ya kupata nyumba. Vijana huniuliza ni wapi rahisi, mjini au huku kwetu. Wengi hujijibu wenyewe: kijijini. Naomba kwanza tuhesabu pamoja.

Mjini mzigo mkubwa ni kiwanja. Kilichopimwa ni ghali, hati yake ina muda wa miaka 33, 66 au 99, na kodi ya ardhi hulipwa kila mwaka. Zamani mfanyakazi aliweza kukopa Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973. Benki hiyo ilikufa mwaka 1995. Wengi wetu tukajenga kwa mshahara, chumba kimoja kimoja, huku tukilipa kodi ya pango kwa mwenye nyumba.

Huku mlimani ardhi huonekana kama ya bure, maana wengi tumerithi. Lakini mfuko wa saruji ni kilo 50. Ukinunuliwa Mwanga hupandishwa kwa gari, na gari linapokomea hubebwa kichwani. Bati, nondo na mchanga ni hivyo hivyo. Msaragambo hupunguza gharama, lakini mtu asiyekuja kusafisha ndiva wala kuzika, siku yake atamwita nani?

Gharama nyingine ni maandishi. Mimi niliposogeza mpaka wa shamba letu la migomba, nilinunua kipande kwa ndugu yangu. Tuliandikiana karatasi sebuleni, bila majirani, bila serikali ya kijiji. Niliona aibu kumdai ndugu mashahidi. Alipofariki, watoto wake walisema baba aliniazima tu. Sikuwa na la kuwaonyesha. Nililipa mara ya pili, na hata hivyo miaka mingi hatukusalimiana. Bei ile ndogo ilikuwa ghali kuliko kiwanja cha mjini.

Vijana, msirudie kosa hilo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ipo. Ununuzi wa ardhi ya kijiji upate kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Majirani wa pande zote waonyeshe mipaka mbele ya watu. Kisha ombeni hati ya hakimiliki ya kimila. Kumwomba ndugu yako mashahidi si kumtukana. Ni kuwalinda watoto wake na wako.

Nanyi wazee wenzangu, kabla ya kumaliza kiinua mgongo kwa nyumba ya vyumba sita, tujiulize nani atalala humo. Nyumba iliyofungwa mwaka mzima huliwa na mchwa. Tujenge kiasi cha kuishi, tuje mapema, tungali na nguvu za kupanda mlima.