Majani ya njano sebuleni

Msikilizaji wa Bariadi, ua lako changa la sebuleni lina majani ya njano, nawe unazidi kulimwagia maji? Acha kwanza. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili. Kama kumelowa chapachapa, mizizi inakosa hewa, inaoza. Udongo wetu mweusi wa mbuga, huohuo unaozaa pamba ya Simiyu, ukiutia kwenye kopo lisilo na tundu hugeuka tope. Toboa kopo chini, changanya udongo mwepesi na mchanga na samadi iliyooza vizuri. Udongo ukiwa mkavu kabisa, hiyo ni kiu tu. Jani lililokwisha kuwa njano halirudi kijani. Likate, utazame machipukizi mapya.