Ukoo, Bweni na Taifa: Maneno kwa Wahitimu na Wanafunzi



Nimeombwa niseme machache juu ya saikolojia, somo nililolichukua Chuo Kikuu kabla ya kuajiriwa serikalini. Nimechagua swali ambalo mtu wa Tarime au Serengeti huulizwa mapema kuliko hata hali yake: wewe ni wa ukoo gani?

Mwaka 1970 Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyefiwa na jamaa zake katika Vita Kuu ya Pili, alieleza jaribio alilowafanyia wavulana wa shule mjini Bristol, Uingereza, wa miaka 14 na 15. Walikadiria idadi ya nukta zilizomulikwa kwenye pazia, kisha kila mmoja akaambiwa kundi lake: waliozidisha au waliopunguza. Kumbe makundi yalipangwa ovyo tu. Hata hivyo, walipopewa fedha za kugawa, wengi waliwapendelea wa kundi lao, hata wasiowajua. Tena, katika jaribio lake la pili, wavulana wengine walikubali kundi lao lipate kidogo, mradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Hapakuwa na ng'ombe hapo, wala mpaka wa shamba!

Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kwamba ugomvi wa koo zetu umo katika damu. Wanyabasi wako Tarime na wako Kenya, ng'ambo ya Sirari. Taifa Stars ikicheza na Kenya, Mnyabasi wa huku hushangilia Tanzania dhidi ya ndugu zake. Usiku yowe likipigwa kwamba ng'ombe wameibwa, Utanzania unalala, ukoo unaamka, naye anashika upinde kumkabili Mtanzania mwenzake wa kijiji cha pili.

Mimi ni Mngoreme. Hapa shuleni nilipangiwa bweni kwa orodha tu, kama zile nukta, na muhula haujaisha nilikuwa tayari kugombana na yeyote anayelitukana. Darasani tulikuwa na akina Mwita watatu, wa koo tatu. Tuliwatofautisha kwa mabweni yao.

Vijana, likizo inakaribia. Yowe likipigwa mtaambiwa kwamba asiyetoka si mwanamume, si wa kwetu. Maneno hayo huchoma kuliko mshale, na nimewaona wenye shahada wakiyatii. Lakini huenda huko mnakopelekwa yupo mnayelala naye bweni moja. Mtajeni kwa jina lake mbele ya wazee, kabla hamjatoka.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Niko tayari kwa maswali.