Gari la Kumshusha Mama kwa Heshima

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa ukoo wetu, Brussels)



Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena tukiwa wazima, na ninawakumbuka wale ambao mwaka huu viti vyao vi wazi.

Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya jambo lenye manufaa kwa kila nyumba. Nimechagua jambo ambalo baadhi yenu mtaliona dogo: namna tulivyoliacha gari letu la saluni na kununua jipu dogo. Mama alipolisikia neno hilo alicheka, akasema kwao jipu hutumbuliwa, halinunuliwi. Hata hivyo, habari hii inamhusu yeye kuliko inavyolihusu gari, na ametupa ruhusa ya kuisimulia.

Ninyi mliokulia Bukavu mnaikumbuka Peugeot 504 ya marehemu Baba. Gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya Safari Rally ya Kenya mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na Baba hakuchoka kutukumbusha. Lilitubeba sote, pamoja na magunia na kuku, katika njia za mashimo na matope. Ajabu ya dunia ni hii: kule kwenye mashimo tuliridhika na gari la chini, na huku kwenye lami nyororo tukaanza kutafuta la juu.

Gari tulilokuwa nalo hapa Brussels lilikuwa la dizeli, la mwaka 2008. Wengi wenu mlilijua, maana ndilo lililowapokea uwanja wa ndege wa Zaventem. Lakini tangu mwaka 2018 Mkoa wa Brussels, pamoja na manispaa zake zote 19, umekuwa eneo ambalo magari yanayochafua hewa kupita kiasi hayaruhusiwi kuingia. Kamera husoma namba, na barua ya faini huja nyumbani. Magari ya dizeli ya daraja la Euro 4, kama letu, yalipewa mwisho wa tarehe 1 Januari 2022. Faini ilikuwa euro 350. Kwa hiyo mwaka 2021 tulijua kwamba siku za mzee yule zimehesabiwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilidhani swali ni moja tu: gari gani? Nami jibu nilikuwa nalo moyoni zamani. Nilitaka gari kubwa la magurudumu manne yenye nguvu, lenye viti 7, kama yale waliyopanda wakubwa tulipokuwa watoto. Nasema mbele yenu bila kuficha: nilitaka picha yake ifike nyumbani. Shemeji yangu alikuwa tayari kunikopesha. Hesabu nilikuwa nimeifanya nusu, ile nusu iliyonipendeza.

Mwezi Juni mwaka huohuo kulikuwa na ubatizo Liège, kwa shangazi. Mama akakataa kwenda. Alisema tu, "Sina nguvu." Ilikuwa mara ya tatu kuukataa mwaliko wa nyumba ile. Shangazi alihuzunika, kisha akakasirika, na maneno yakaanza kutembea kwa simu: kwamba Mama amejitenga, kwamba ana kinyongo cha tangu msiba wa Baba. Nami, mwanawe niishiye naye nyumba moja, nilianza kuyaamini.

Ukweli aliupata binti yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 11, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeuliza. Mama alimwambia hivi: "Magoti yangu hayaniinui tena kutoka kwenye kiti kile cha chini. Siku ya harusi baba yako na mjomba wako walinivuta mikono kama gunia la mihogo, mbele ya wakwe. Afadhali nibaki nyumbani."

Ndugu zangu, usiku ule sikulala. Mwenye kuuliza hapotei njia, nasi tulikuwa tumepotea ndani ya nyumba yetu wenyewe.

Asubuhi nilichukua futi ya fundi. Kiti cha gari letu kilikuwa sentimita 47 kutoka chini. Kitanda cha Mama, tulichokwisha kukiinua kwa vipande vya mbao, kilikuwa sentimita 60, na kutoka hapo husimama mwenyewe. Kisha nilikwenda kulipima lile gari kubwa la ndoto zangu: karibu sentimita 80. Mama si mrefu. Ningemtoa shimoni nikampandisha mlimani, na bado angehitaji watu wawili.

Tangu siku hiyo tukatafuta kwa kipimo cha Mama. Magari haya ya kati, yaliyoinuka kidogo bila kuwa malori, si mageni. Suzuki Vitara ilianza mwaka 1988, Toyota RAV4 mwaka 1994, na baada ya Nissan Qashqai ya mwaka 2007 yakajaa Ulaya nzima. Sitawatajia tulilonunua, kwa maana sikuja kumfanyia mtu biashara. Nitawatajia tuliyoyatazama.

La kwanza, Mama mwenyewe alikuja kwa wauzaji. Aliketi, akashuka, akaketi tena. Gari moja zuri sana tuliliacha kwa kuwa kizingiti cha mlango kilikuwa kipana, na mguu wake haukukivuka.

La pili, buti ilimeze kile kifaa chenye magurudumu anachokishika akitembea, bila kukikunja mara tatu.

La tatu, magurudumu manne yenye nguvu tuliyasamehe. Mjini Brussels mwendo wa kawaida tangu mwaka 2021 ni kilomita 30 kwa saa, na milima ya Kivu haiko hapa. Kwa theluji ya Ardennes, matairi ya baridi yanafaa zaidi. Nanyi mnaotoka Köln mnajua kwamba Ujerumani huyadai kwa sheria barabara zikiwa na barafu.

La nne, tulichukua la petroli lenye msaada wa umeme, lililotumika miaka minne. Kodi ya kuliandikisha katika Mkoa huu hufuata nguvu ya injini na hupungua gari likizeeka, kwa hiyo unyenyekevu ulitulipa.

La tano, hati iitwayo Car-Pass, inayoonyesha kilomita zilizotembewa. Tangu mwaka 2006 muuzaji wa gari lililotumika hapa Ubelgiji analazimika kuitoa. Mmoja alinung'unika tulipoiomba, nasi tukamuaga.

Wenye dizeli za Euro 5 nawaombeni mwangalie. Bunge la Mkoa liliahirisha katazo lao mwaka 2024, na Mahakama ya Katiba ikausimamisha uahirisho huo mwaka 2025. Ulizeni kabla ya kuingia mjini.

Kaka wa Nairobi aliomba tumpelekee lile la zamani. Sheria ya Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, wala kwa kawaida lenye usukani wa kushoto. Tukaliuza mtaa wa Heyvaert, ambako kwa miaka mingi magari yaliyochoka ya Ulaya yamekusanywa kabla ya kushuka bandari ya Antwerp na kuvuka bahari.

Hapa Ubelgiji namba ni ya mtu, si ya gari. Nilizifungua mwenyewe zile mbao mbili zenye herufi nyekundu, nikazibeba kwapani hadi nyumbani. Sasa ziko kwenye gari jipya.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Liège. Shangazi alisimama mlangoni, mikono kifuani, hajasamehe bado. Nilizunguka ili nimshike Mama mkono. Akaniambia, "Ngoja." Akageuza miguu, akasimama, akafunga mlango kwa mkono wake, akatembea. Shangazi akaja kumlaki katikati ya njia. Sikusikia walichoambiana, wala sikuuliza.

Ombi langu kwa ukoo ni hili. Mkiona mzee amekataa mwaliko, msitafute kinyongo kabla ya kuuliza habari za magoti. Piteni kwake, ketini alipoketi, mtazame anavyoinuka. Gari, ngazi, kiti au bafu: huenda dawa ikawa sentimita chache tu.

Leo Mama yuko hapa, safu ya mbele, kando ya shangazi. Amekuja kwa gari lile, na atakayehitaji kufikishwa kituo cha treni jioni aniambie. Nafasi zipo nne, na kiti cha mbele kina mwenyewe.