Mvua Kubwa na Kingo za Mto Mara

Leo tutazungumza juu ya mto wetu Mara, unaotenga wilaya ya Tarime na wilaya ya Serengeti.

Mto huu una urefu wa kilometa 395 hivi. Huanzia nyanda za juu za Mau, nchini Kenya, hupita katika Hifadhi ya Serengeti pande za Kogatende na Lamai, kisha huingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha Mau, mto waweza kufurika kwetu hata kama hapa hapana wingu.

Huko Saadani, ambako hifadhi inapakana na bahari, mawimbi ya dhoruba huchukua mchanga pahali pamoja na kuuweka pengine. Mto nao hufanya vivyo hivyo. Tazameni mahali unapopinda. Upande wa nje wa kona maji huenda kasi. Huchimba chini ya ukingo, na udongo wa juu huporomoka. Upande wa ndani maji huenda polepole, na hapo huacha mchanga. Udongo laini husafiri hadi kwenye mafunjo ya kinamasi cha Mara, ukatua humo.

Ni nini kinachoshika ukingo? Ni mizizi. Miti, matete na nyasi hufunga udongo kama kamba ifungavyo mzigo wa kuni. Mkulima akifyeka yote na kulima mpaka majini, mwaka huu atavuna mahindi. Mwaka wa pili huenda shamba lenyewe likachukuliwa. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto.

Sasa kazi yenu. Kabla ya masika, simikeni vijiti 10 kwa mstari, kuanzia karibu na ukingo kurudi nyuma, hatua moja kati ya kijiti na kijiti. Msikanyage ukingo wenyewe, kwani huenda chini yake ni tupu; tena jihadharini na mamba na viboko. Masika ikiisha, hesabuni kwa mbali vijiti vilivyobaki, mwandike daftarini.

Maswali:
1. Mto huchimba upande gani wa kona?
2. Mizizi ina faida gani?
3. Vijiti vingapi vimechukuliwa?