Kufunga Vichwa vya Magogo na Mbao

Leo nataka kuwaambia habari ya mti uliokatwa, namna ya kuukausha pasipo kupasuka.

Tuseme wewe na ndugu yako mmekata mulombwa, mmeupasua kwa msumeno, mmepata mbao 10, kila moja meta 3. Mmeziweka juani, mmekwenda shambani. Siku nyingine mnunuzi anatoka Likasi. Anatazama vichwa vya mbao, anaona nyufa. Anakata sentimeta 30 huku na sentimeta 30 huku. Sasa kila ubao ni meta 2 na sentimeta 40. Hesabuni: meta 30 zimekuwa 24. Jasho la mbao 2 limepotea bure. Mnunuzi hakuwaibia. Jua na upepo ndio waliowaibia.

Sababu gani mti unapasuka? Ndani ya mti mna njia ndogo ndogo, kama matete membamba sana yaliyofungwa pamoja. Maji yalipita humo kutoka mizizi kwenda majani. Ukikata mti, njia zile zinabaki wazi kwa vichwa. Maji yanatoka kwa kichwa upesi mara 10, hata mara 15, kuliko ubavuni. Basi kichwa kinakauka, kinataka kupunguka. Lakini katikati pangali pabichi, panakataa. Wanavutana, na kichwa kinapasuka.

Basi dawa ni hii: fungeni vichwa.

1. Pakeni siku ile ile ya kukata, zaidi wakati wa kiangazi, upepo unapokuwa mkavu. Ukingoja juma moja, umechelewa. Ufa hauponi: kata kwanza sehemu yenye ufa, halafu paka.

2. Tumieni nta ya nyuki. Ninyi mnaokula asali ya pori, msitupe nta. Rangi ya mafuta nayo ni nzuri, na lami pia. Chokaa na udongo havifai, maji yanapita.

3. Msiweke nta juu ya moto wenyewe, itawaka na kuwaunguza. Tieni nta katika kopo, na kopo katika chungu cha maji ya moto. Nta itayeyuka.

4. Pakeni kichwa chote, mara mbili, pasibaki tundu. Ubavuni msipake: maji yatoke huko polepole.

5. Gogo zima lenye moyo wake litapasuka hata likipakwa. Msilikawize, lipasueni katikati ya moyo, mkafunge vichwa vya mbao.

6. Pangeni mbao kivulini, juu ya mawe au magogo, mbali na mchwa. Kati ya ubao na ubao wekeni vijiti vya unene mmoja, kimoja juu ya kingine kwa mstari, upepo upite.

Wandugu, karibu na miji ya migodi pori limerudi mbali, kwa sababu ya makala na mashamba. Zamani mulombwa ulikuwa nyuma ya nyumba. Sasa mnautafuta kwa safari. Na mti mnene namna ile labda uliota siku za babu yako. Mtu anayeacha vichwa wazi, kesho atakata mti mwingine kulipa hasara ya jana. Mtu anayefunga vichwa anauza ubao mzima, na mti wa pili unabaki porini kwa watoto wake.

Nta kidogo tu, na kazi ya saa moja. Jaribuni kwa gogo moja: kichwa kimoja kipakeni, kingine kiacheni. Macho yenu yatawaambia.